Bahari haishindwi kwa ubavu

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msomaji, mimi ni mzaliwa wa Narung'ombe, wilayani Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi. Mkoa wetu una pwani ndefu, na mtu wa mbali akisikia kuwa fulani ni mtu wa Lindi, hudhani amekulia ndani ya ngalawa. Sivyo hata kidogo. Sisi wa Narung'ombe, kama walivyo jirani zetu wa Nachingwea, ni watu wa bara. Tunajua korosho, ufuta, mbaazi na mihogo. Maji kwetu ni kitu cha kuhangaikiwa. Utotoni niliyajua maji ya kisimani, maji ya ndoo kichwani mwa mama, na maji ya mto wa msimu ambao masika hufurika na kiangazi ukageuka njia ya mbuzi. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 17, nimepanda lori la korosho kwenda Lindi mjini. Nilisimama kando yake nikaogopa hata kulowesha viatu.

Woga ule, nakiri leo, ulikuwa na busara ndani yake.

Vijana wetu wa siku hizi hawasubiri lori la korosho. Jina hili la "machinga", ambalo sasa huitwa kila kijana auzaye soksi na mikanda barabarani, lilitokana na watu wa huko kwetu kusini, Wamachinga wa Lindi. Kijana wa Narung'ombe hupanda basi leo, kesho yuko Kariakoo na bidhaa begani. Sikukuu ya kwanza ikifika, wenzake humwambia: twende baharini. Basi anakutana na bahari akiwa mtu mzima, mwenye nguvu na haraka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfundisha lolote juu yake. Mtoto wa mvuvi hufundishwa bahari kabla hajajua kusoma. Huyu wetu hupewa nauli tu, akaambiwa aende akafurahi.

Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu nauli hiyo niliitoa mimi.

Ilikuwa sikukuu ya Idd el Fitri, miaka kadhaa iliyopita, katika miezi ya upepo wa kusi. Asubuhi hiyo nilikuwa zamu. Nilisoma taarifa ya habari, na mwishoni nikasoma utabiri wa hali ya hewa, kama nilivyousoma mamia ya mara kabla ya hapo: upepo utavuma kutoka kusini kwa kasi, na bahari inatarajiwa kuwa na mawimbi makubwa. Nikakunja karatasi, nikawaaga wasikilizaji, nikarudi nyumbani. Huko nikamkuta mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, pamoja na rafiki yake wa kijiji kimoja. Wote wawili wakauza soksi mjini, wote wawili wamevaa mashati mapya. "Shikamoo mjomba, Idd mubaraka." Nikawapa mkono wa Idd. Waliponiambia kuwa jioni wanakwenda ufukweni, nikaongeza na nauli, nikasema: "Haya, mkafurahi, ila msichelewe kurudi." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Karatasi ya utabiri ilikuwa bado mfukoni mwangu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mpwa wangu mwenyewe. Walifika ufukweni kama saa 10 jioni. Ulikuwa ufukwe mmoja wa Dar es Salaam unaotazama bahari kuu, na watu walikuwa wamejaa kama gulioni. Mawimbi yalikuwa yakivunjika kwa kishindo, kulia na kushoto. Lakini katikati palikuwa na mahali pametulia: hapana povu, hapana kishindo, na rangi ya maji imekoza kidogo. Mpwa wangu aliyaogopa mawimbi, akachagua pale palipotulia. Akaingia mpaka kiunoni. Mara akahisi mchanga unakimbia chini ya nyayo zake, na alipogeuka, watu wa ufukweni walikuwa wadogo.

Alifanya ambalo kila mmoja wetu angelifanya. Aliuelekea ufukwe akaogelea kwa nguvu zake zote. Hakusogea hata hatua. Rafiki yake, aliyejifunza kuogelea mtoni na aliyemzidi kwa mbali, akamwona, akavua shati lake jipya, akajitosa kumfuata. Watu waliokuwa kando walidhani ni mchezo wa vijana. Mpwa wangu mikono ilipomfia, akalala chali apate kuvuta pumzi, akajikabidhi kwa Mungu. Maji yakamchukua mpaka nje ya mahali ambapo mawimbi yanavunjika, na huko, kwa mshangao wake, yakamwachia. Wavuvi waliokuwa wakirudi na ngalawa yao wakamwokota. Rafiki yake hakulala chali. Yeye alikuwa hodari, akapigana kuuelekea ufukwe hadi nguvu za mwisho. Alionekana siku ya tatu.

Tulimrudisha nyumbani. Tulivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji usiku, tukapita Nangurukuru, tukapita Lindi bahari ikiwa upande wetu wa kushoto, na hakuna aliyeitazama. Matangani babu wa marehemu alinisogelea, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, si wewe tunayekusikia redioni? Hivi, bahari ilikuwa haijasema?"

Sikuwa na la kumjibu. Bahari ilikuwa imesema, na msemaji wake siku ile nilikuwa mimi. Kwa mila yetu Wamwera, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Neno nilikuwa nalo, nikalikunja nikalitia mfukoni.

Tangu siku hiyo nimewauliza wavuvi na nimewauliza wataalamu. Leo nataka, kwa ruhusa yako ndugu msomaji, nilitoe neno lile, hata kama nimechelewa.

Tuanze na kile kilichowachukua vijana wale. Si jini, wala si chunusi kama walivyonong'ona baadhi ya watu. Ni mkondo. Kila wimbi linalovunjika ufukweni husukuma maji kuja nchi kavu. Maji hayo hayawezi kukaa juu ya mchanga yakarundikana. Lazima yarudi baharini. Na maji, kama tujuavyo sote, hufuata mkondo. Hutafuta mahali palipo chini zaidi: ufa kati ya mafungu mawili ya mchanga yaliyo chini ya maji, mlango katika mwamba, au kando ya jabali au gati. Hapo ndipo maji yote yaliyoletwa na mawimbi hukusanyika na kutoka kama mto mwembamba unaokwenda baharini.

Upana wa mto huo kwa kawaida ni mita 10 hadi 30 hivi. Kasi yake mara nyingi ni kama nusu mita kwa sekunde, lakini bahari ikichafuka huweza kufikia mita 2 kwa sekunde. Sasa pima mwenyewe. Bingwa wa dunia wa kuogelea humaliza mita 100 kwa sekunde 46 hivi, yaani mita 2 na kidogo kwa kila sekunde. Kwa hiyo huyo bingwa mwenyewe, akiukabili mkondo wa namna hiyo uso kwa uso, atapiga maji kwa nguvu zake zote na atabaki pale pale. Kijana aliyejifunza kuogelea katika mto wa msimu afanye nini?

Jambo la pili, na hili ndilo linalowapoteza wengi, ni kwamba mkondo huo hauna sura ya kutisha. Kwa kuwa kina chake ni kirefu kuliko pembeni, mawimbi hayavunjiki juu yake. Kwa hiyo mahali pa mkondo huonekana pametulia, na rangi yake imekoza, huku pembeni kukiwa na povu jeupe. Mgeni asiyejua, mama aliyeshika mtoto mkono, kijana anayeogopa mawimbi, wote huchagua hapo hapo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sijui kama walikuwa wakiizungumzia bahari, lakini maneno yao yanaifaa.

Kwa hiyo ukifika ufukweni usivue nguo mara moja. Simama mahali palipoinuka, utazame maji kwa dakika 10. Tafuta pengo katika safu ya mawimbi. Tazama kama povu, majani ya baharini au maji yaliyochanganyika na mchanga yanatoka kuelekea nje badala ya kuja ndani. Ukiviona hivyo, hapo si mahali pa kuoga. Kisha umwulize mwenyeji. Mvuvi anayeshona nyavu chini ya mkungu ufukweni ana elimu ambayo hukuipata shuleni, na haitozi ada. Mwulize: mkondo uko wapi, na maji yanajaa au yanapwa?

Je, ukishachukuliwa? Hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu siku ikifika hakutakuwa na muda wa kukumbuka hotuba ndefu. Mambo ni matatu.

La kwanza, usipigane. Mkondo huu hukupeleka nje, haukuzamishi. Mtu huzama kwa kuchoka na kwa hofu. Lala chali, kidevu juu, mikono umeitandaza, uvute pumzi. Maji ya chumvi hubeba mwili kuliko maji ya mtoni. Ukiyaachia yakubebe yatakubeba.

La pili, usiuelekee ufukwe moja kwa moja. Kama unaweza kuogelea, ogelea ubavuni, sambamba na ufukwe, kuelekea kule unakoona mawimbi yakivunjika. Mto huu ni mwembamba. Ukitoka pembeni mwake, mawimbi yale yale uliyoyaogopa ndiyo yatakayokusukuma kurudi nchi kavu. Ukiona upande mmoja unakushinda, jaribu wa pili.

La tatu, kama huwezi kuogelea, au umechoka, endelea kuelea tu, uinue mkono mmoja na kuita. Mkondo huisha nguvu baada ya kupita mahali mawimbi yanapovunjika, na mara nyingine huzunguka ukamrudisha mtu. Mpwa wangu hakuyajua haya. Aliyafanya kwa sababu alikuwa amekata tamaa. Rafiki yake aliyekuwa na nguvu na tumaini ndiye tuliyemzika. Bahari, ndugu msomaji, haishindwi kwa ubavu.

Sasa nimgeukie yule aliyebaki ufukweni. Tuna methali isemayo, mfa maji haishi kutapatapa. Kwa sababu ya methali hiyo tunamtazamia mtu anayezama apige makelele na kurusha mikono. Mara nyingi haiwi hivyo. Kupiga kelele kunahitaji pumzi, na huyu pumzi hana. Anayezama hasa husimama wima majini, kichwa amekirudisha nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji pembeni kama mtu anayepanda ngazi isiyoonekana. Hatoi sauti. Huweza kukaa hivyo kwa sekunde 20 hadi 60 tu, kisha akapotea. Ndiyo maana watoto huzama hatua chache kutoka kwa wazazi wao wanaopiga soga. Ukimwona mtu wa namna hiyo mwite, "Vipi, uko salama?" Asipojibu, ujue ana dakika moja au pungufu.

Lakini usijitose. Najua agizo hili ni gumu, hasa kwetu Waafrika ambao kumwacha mwenzio ni aibu kubwa kuliko kifo. Hata hivyo kuna methali ya pili: mfa maji hukamata maji. Anayezama hushika chochote, na akikushika wewe atakupanda kichwani apate pumzi. Katika pwani nyingi duniani imeonekana kuwa anayekwenda kuokoa bila kifaa mara nyingi hufa, na pengine aliyekwenda kuokolewa akapona. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Badala ya mwili wako, tuma kitu. Dumu tupu la lita 5, ambalo kifuniko chake kimefungwa barabara, huweza kumweka mtu juu ya maji. Mpira wa ndani wa gurudumu la gari hufaa zaidi. Funga kamba, urushe. Kama hakuna kamba, fungeni khanga ncha kwa ncha. Kama yuko karibu, mnyooshee mti mrefu ukiwa umelala kifudifudi ili asikuvute. Mwingine awaite wenye chombo, na mwingine apige simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 ya polisi. Na mmoja asimame bila kuondoa macho pale alipoonekana mara ya mwisho. Familia inayokwenda ufukweni na pilau, maji ya kunywa na redio, inashindwaje kuongeza dumu moja na kamba?

Akitolewa majini, msimning'inize kichwa chini miguu juu, wala msimkanyage tumbo ili "atapike maji". Mnapoteza dakika zake. Mlazeni chali mahali pagumu, mtazame kama anapumua. Kama hapumui, mrudishe kichwa nyuma, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni hadi uone kifua kinainuka. Kisha mkandamize katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mara 30. Halafu pumzi 2. Halafu tena mara 30, bila kukoma hadi apumue au msaada ufike. Na akizinduka, hata akisema hajambo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru baadaye.

Liko jambo jingine ambalo watu wa bara hatulijui, nalo ni kupwa na kujaa kwa maji. Pwani yetu maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa ni siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake pwani yetu hufika mita 3 na zaidi, yaani kimo cha dari ya nyumba ya kawaida. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo tofauti huwa ndogo. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, kisha katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote. Wakati wa bamvua hiyo ni kama mita moja na nusu kwa saa 2 tu. Mtu aliyetembea kwa miguu hadi fungu la mchanga lililo mbali, akakaa huko akipiga picha, anapogeuka hukuta njia aliyoijia imekuwa kilindi.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho mvuvi mmoja mzee alinionyesha, nikabaki kinywa wazi. Idd el Fitri huja lini? Huja mwezi unapoandama. Na mwezi ukiandama ni bamvua. Na siku za bamvua, hapa Dar es Salaam na pwani za jirani, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, kwenye saa 10 au 11. Hiyo ndiyo saa ambayo watu wamekwisha kula pilau, wamevaa, na wanamiminika ufukweni na watoto wao! Kila mwaka, bila kukosa, Idd el Fitri huwaita watu baharini wakati maji yakiwa makubwa kabisa. Mwamba wa nje, ambao siku nyingine huyavunja mawimbi mbali, unakuwa umefunikwa, na mawimbi hufika ufukweni na nguvu zake. Kisha maji yanapoanza kupwa, wingi wote ule hutafuta mlango wa kutokea. Idd hiyo ikiangukia katika miezi ya kusi, ambayo ni kama Mei hadi Septemba, pepo nazo huongeza yao. Mzee yule alimaliza kwa kusema: "Sisi siku ya Idd hatuogi baharini jioni. Tunakaa barazani." Sijawahi kusikia utabiri ulio wazi kuliko huo.

Sikukuu ya Krismasi haifuati mwezi, lakini nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 26 Desemba 2004, Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, tetemeko la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi yake yalivuka Bahari ya Hindi yote na kufika Afrika Mashariki baada ya saa kadhaa. Hapa Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, na wengi wao walikuwa vijana waliokuwa wakiogelea kusherehekea sikukuu. Siku hiyo hakukuwa na mtambo wa kutoa tahadhari katika bahari yetu. Leo upo. Lakini alama moja haihitaji mtambo: ukiona bahari imerudi nyuma ghafla, mbali kuliko kupwa kwa kawaida, samaki wakabaki wakirukaruka mchangani, usiende kuokota samaki. Kimbia, panda mahali pa juu.

Vimbunga navyo si habari ya ng'ambo tu. Lindi yetu ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na wazee walihesabu miaka kwa kimbunga kile. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu huko Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na wakazi wa Mtwara na Lindi walitahadharishwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mara zote mbili Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema. Mamlaka hiyo hiyo hutangaza kila siku upepo na mawimbi ya pwani, bure, nasi redioni husoma.

Na hapa niseme kosa letu sisi watangazaji. Tumeusoma utabiri wa bahari kama kitu cha wavuvi na manahodha, kwa haraka, kabla ya wimbo. Hatusemi kwamba "mawimbi makubwa" maana yake ni: mzazi, leo usimpeleke mtoto kuoga. Tangu msiba ule mimi huongeza sentensi hiyo kila nikisoma. Wakubwa zangu waliniuliza mara moja kwa nini natoka nje ya karatasi. Niliwasimulia, hawakuniuliza tena.

Usidhani pia kwamba jambo hili ni dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya majini. Na watoto hao hawafi baharini tu. Wanafia katika visima visivyofunikwa, malambo ya mifugo, na mashimo yaliyochimbwa mchanga wa kujengea yakaachwa wazi hadi mvua zikayajaza. Kwa hiyo hata wewe wa Nachingwea ambaye hutaiona bahari mwaka huu, nenda leo ukafunike kisima chako.

Likizo iliyopita nilikwenda Narung'ombe. Mwalimu mmoja aliniomba nizungumze na wanafunzi wa darasa la saba, nikakubali. Sikuwaeleza habari za utangazaji. Nilichora ubaoni mstari wa ufukwe, nikachora mawimbi, nikaacha pengo katikati, nikauliza: mngependa kuoga wapi? Darasa zima likaonyesha pengo. Watoto hao, baada ya miaka michache, watakuwa Kariakoo. Tukarudia somo hadi binti mmoja wa mbele aliposimama, akafuta pengo lile kwa kiganja, akaandika juu yake kwa chaki: HAPANA.

Jioni nilipita kwa yule babu. Macho yake sasa hayaoni vizuri, lakini sauti yangu aliijua. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikamwambia jibu ambalo sikuwa nalo siku ya matanga: "Babu, bahari ilikuwa imesema. Mimi ndiye niliyenyamaza." Alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema: "Basi usinyamaze tena."

Ndugu msomaji, sikukuu hazitakwisha, na vijana wataendelea kwenda baharini. Wala si haki kuwazuia, maana bahari ni neema na starehe yake haina mfano. Lakini kabla hujatoa nauli, toa na neno. Mwambie: tazama kwanza, uliza mwenyeji, palipotulia si salama, ukichukuliwa usipigane, lala chali, toka ubavuni. Maneno hayo huyamaliza kabla hajafunga kamba za viatu.

Hadi wiki ijayo, nakutakia heri.